Mgongo wa Mama Kando ya Mfereji

Nesi alinikabidhi koti la Mama ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia nikae popote ninapopenda, operesheni ya jicho siku hizi haichukui muda. Nililitoa koti ili lisijikunje, kwa sababu siwezi kuacha kitu kijikunje, na nilipokuwa nalilaza magotini nikasikia harufu ya mfereji. Najua haiwezekani. Koti hilo la kahawia limefuliwa kila majira ya baridi tangu nikiwa mtoto. Lakini harufu ilikuwepo, kwenye mkono wa kulia, chini ya ile ya sabuni: matope, majani yaliyooza, dizeli kidogo ya mashua, na kitu kama chuma kilicholala nje. Labda ilikuwa woga tu. Mimi nikiogopa hunusa vitu.

Naandika kwa watu wa rika langu, hasa sisi tuliokuwa tukisemeshwa Kiswahili jikoni na kujibu kwa Kiingereza. Kiswahili hiki cha kuandika nilijifundisha mwenyewe ukubwani, na bado kila sentensi naichambua kama anayechambua mchele. Kuvua samaki nako nilijifundisha mwenyewe. Hayo mawili ndiyo niliyowahi kujifunza bila mwalimu, na yote mawili, nikiyafuata nyuma, yananifikisha kwa Mama.

Tulikaa Hodge Hill, kwenye nyumba zile za kuungana mbili mbili, mlango wetu ukitazamana na wa jirani kana kwamba milango inapigana picha. Mama alikuwa akisafisha maofisi mjini. Fimbo ya kuvulia niliikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika, imesimamishwa katikati ya miavuli, na nadhani muuzaji mwenyewe aliidhania mwavuli uliopoteza kitambaa. Video za kuvua nilizitazama kwenye kompyuta ya maktaba bila sauti, kwa kuwa visikilizio vilikuwa vimeharibika. Kwa hiyo nilijifunza kwa kutazama mikono ya watu. Jina la fundo sikulijua, nilijua tu linavyopita, linavyozunguka, linavyobanwa kwa mate kabla ya kuvutwa. Nilifanya mazoezi kwenye mguu wa kitanda. Fundo lisipokaa kama lile la kwenye video nililikata nikaanza upya, nikalikata tena. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Darasani nilifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, kisha nikalia kwa sababu ya tundu.

Samaki niliyempenda kwenye mifereji ya Birmingham ni mdogo, ana milia myeusi ubavuni, mapezi mekundu, na miiba mgongoni inayomchoma asiyejua kumshika. Ni ndugu wa mbali wa sangara. Nilipompiga picha wa kwanza nilikimbia nyumbani kumwonyesha Mama, maana yeye ni mtu wa Uvira, na baba yake alikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika, ambako sangara huitwa sangala. Niliamini kwamba hapo angalau nimempata.

Aliishika simu mbali na uso, akakunja jicho.

"Huyu ndiye sangala ya huku?"

"Ndiyo."

"Amekonda." Akairudia picha. "Na mulimupika na nini?"

Nilimwambia kwamba hapikwi. Anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini akiwa hai. Mama aliweka kijiko chini.

"Munamutoa kwa maji, munamuangalia sura, munamuambia arudie?"

"Ndiyo."

"Voilà. Sawa vile watu wa makaratasi ya ukimbizi walitufanyaka sisi."

Akacheka peke yake, akarudi kwenye sufuria. Mimi sikucheka. Nilienda chumbani nikafunga mafundo.

Mzee mmoja wa klabu ya wavuvi wa mfereji, aliyeniona mara nyingi nikivua peke yangu karibu na daraja, ndiye aliyeniandikisha kwenye mashindano ya watoto ya eneo letu. Nikafanya vizuri. Kisha ikaja habari kwamba nimepita kwenda mashindano ya taifa ya vijana, na kwamba mwaka ule yangefanyika hapahapa mjini, kwenye kipande cha mfereji kinachopinda nyuma ya jela, Winson Green. Masharti yalikuwa machache. Chambo kiwe cha bandia, cha mpira. Kila samaki apimwe urefu kwenye ubao wenye alama na arudishwe mzima. Urefu wa samaki wote unajumlishwa. Wavu unashikwa na mshindani mwenyewe au mzazi wake tu. Na mtoto wa umri wangu lazima awe na mtu mzima wa kumwangalia, kwa sababu ukingo wa mfereji hauna kizuizi.

Wenye nafasi tatu za kwanza wangepata vikombe. Sitasema sikukitaka kikombe. Lakini nilichokitaka zaidi kilikuwa hiki: Mama anione nikifanya kitu kimoja bila kosa. Nyumbani aliniona nikifuta na kulia. Shuleni, siku za wazazi, mimi ndiye niliyemtafsiria maneno ya walimu kuhusu mimi, nikiyapunguza yote, mabaya kwa mazuri, kwa aibu. Kuvua hakukuhitaji mkalimani. Angesimama tu kando yangu na macho yake.

Asubuhi ile tulipelekwa na jirani yetu Yusuf, Msomali aliyekulia Garissa, dereva wa teksi. Mama alikuwa amevaa koti la kahawia, ambalo wakati huo lilikuwa jipya na la kanisani. Yusuf aliitazama fimbo yangu inavyotokeza kwenye dirisha.

"Mama Furaha, huyu mtoto anaenda kushika nyoka ama samaki?"

"Samaki. Kwenye mutaro."

"Wallahi mimi samaki naogopa. Kwetu ukionekana unakula samaki watu wanaanza kukuchangia mbuzi. Wanajua umeanguka."

"Basi kaa kwa gari," Mama alisema. "Utamutia mutoto mukosi."

"Mimi sitoki. Hapo jela nimeleta watu wengi sana. Siku nikishuka watanizoea."

Mama alicheka, kisha akanyamaza ghafla, na njia yote iliyobaki hakusema neno nami. Tuliposhuka hakunitakia heri. Wazazi wengine walikuwa wakiwapiga watoto wao mabegani, wakiwaita majina, wakiwamiminia chai kutoka kwenye chupa. Mama aliubeba ule wavu wangu wenye mpini mrefu mpaka mahali nilipopangiwa, akaulaza chini miguuni pake, akageuka. Alinipa mgongo. Alisimama akitazama ukuta wa jela ulio ng'ambo ya njia, ule mrefu wa matofali, kama mtu aliyekuja kuukagua.

Nilidhani anatafuta kitu. Nilirusha chambo, nikakivuta polepole, nikarusha tena. Nilipogeuka bado alikuwa vilevile. Nikamwita.

"Mama."

Hakuitika. Niliona bega lake linasogea kidogo, basi.

Mtoto wa umri ule anaeleza kila kitu kwa kipimo cha nafsi yake. Niliangalia buti zangu, ambazo zilikuwa za mvulana. Niliangalia watoto wengine, jezi zao zenye majina, viti vyao vya kukunja, baba zao. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: Mama ananionea haya. Amekuja kwa sababu masharti yanamlazimisha, lakini hataki aonekane ni wangu. Sikulia. Nilipokea jambo hilo kama mtu anayeambiwa basi halipiti leo, na nikaanza kuvua kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo.

Na nilivua vizuri. Hilo naweza kulisema sasa bila kujivuna, kama ninayemzungumzia mtoto mwingine. Samaki walikuwa wamejificha chini ya kuta, mahali zege lilipovunjika, na mtoto yule alijua kukipitisha chambo karibu na ukuta bila kukigusisha. Alipata wa kwanza, akamtuliza, akampeleka kwenye ubao, akamrudisha. Akapata mwingine. Kila alipomshika alitazama nyuma, na kila alipotazama nyuma aliona koti la kahawia.

Msimamizi wa sehemu yetu alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya sufu na filimbi shingoni. Alipokuja kupima samaki wangu alimtazama Mama, akanitazama mimi.

"Yule ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Mwambie lazima akuangalie. Akiendelea kukupa mgongo itabidi nikuondoe mashindanoni. Ukianguka majini ni mimi nitakayeulizwa."

Nikamtafsiria Mama. Nilijibiwa na mgongo.

"Mwambie minakuangalia."

"Hauniangalii, Mama. Umegeukia ukuta."

"Mwambie masikio iko inakuangalia."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Mwambie vile unataka. We iko na Kiingereza."

Nilimwambia msimamizi kwamba mama yangu ana shida ya shingo. Ndilo lililonijia. Yule mwanamke alifikiri kidogo, akauliza kama basi anaweza kunishika. Nikatafsiri hilo pia. Mama, bila kugeuka, alirudisha mkono wake nyuma, akapapasa hewani mpaka akapata kofia ya jaketi langu, akaikamata kwa ngumi. Msimamizi alitutazama hivyo tulivyo, mmoja kwa maji na mmoja kwa ukuta, akaandika kitu na kuondoka.

Kwa hiyo nilivua nimeshikwa kama mbuzi wa sadaka. Mvulana aliyekuwa nafasi ya jirani, mwenye lafudhi ya kaskazini, alishindwa kuvumilia.

"Mama yako amekamatwa?"

Kweli alifanana na mtu anayesubiri kupekuliwa na polisi, uso ukutani, tena ukuta wenyewe wa jela. Baba yake yule mvulana alimkaripia huku naye akicheka. Mimi nilijifanya nabadilisha chambo. Nilikata fundo nikalifunga upya ingawa halikuwa na kasoro, na ngumi ya Mama ilifuata kila nilipoinama, ikilegea na kukaza, kama inayosoma ninachofanya.

Kuelekea mwisho, mzee wa klabu alipita akanong'ona kwamba niko karibu sana na wale watatu. Nikipata mmoja wa haja, naingia. Nilitamani asingeniambia. Kulikuwa na mashua ndefu imefungwa upande wa pili, na chini ya ubavu wake palikuwa na kivuli. Nilirusha. Chambo kilitua mahali nilipotaka, kitu ambacho maishani hutokea mara chache kiasi kwamba nakumbuka sauti yake. Nikahesabu kimya kikizama. Kisha mshipi ukakaza, lakini haukutikisika kama kawaida. Ulikwenda.

Alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kuwashika. Alipoinuka mara moja niliona milia yake na pezi la mgongo limesimama kama chanuo. Wavu ulikuwa chini miguuni pa Mama, upande nisioufikia bila kulegeza fimbo, na kulegeza fimbo ni kumwachia. Baba yake yule mvulana wa jirani alipiga hatua, akasimama, akakumbuka masharti.

Nikaita, kwa Kiswahili, mbele ya watu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Mama, wavu. Mama, niangalie."

Ngumi ililegea.

Mama aligeuka. Niliuona uso wake na sikuutambua. Hakuwa na hasira wala haya. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa aende kufungua mlango na anajua nani yuko nje. Aliyatazama maji. Akaokota wavu, akapiga magoti kwenye matope na koti lake la kanisani, akaingiza mkono mpaka juu ya kiwiko, na nikaona jinsi anavyojua: aliuweka wavu chini ya samaki, hakumfukuza nao, alimsubiri aje. Samaki akaja. Kichwa chake kilikuwa tayari juu ya ukingo wa wavu. Akatikisa kichwa mara moja, kwa namna ya mtu anayekataa chai, na chambo kikaruka kikanipita sikioni.

Mama hakuutoa mkono. Aliuacha majini kwa muda, wavu mtupu umefunguka, kama anayetumaini samaki atafikiria upya. Maji yakatulia. Kisha filimbi ikapigwa.

Nikawa wa nne. Nilipewa cheti kama kila mtu. Mvulana wa kaskazini, ambaye alikuwa wa pili, alikuja kunipa mkono na kusema yule alikuwa samaki mkubwa sana, na hilo nilimshukuru.

Ndani ya gari Mama alikaa nami nyuma, mkono wa koti ukidondosha maji kwenye kiti.

"Nisamehe," alisema.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba haina shida.

"Nisamehe, mwanangu. Ni mimi. Singekuja."

"Mama Furaha," Yusuf alisema kwenye kioo, "ni samaki tu. Tena wangemrudisha. Kesho naleta mbuzi, na yeye harudishwi."

"Nyamaza, Yusuf. Wewe ni mutu ya ngamia."

"Ngamia hakimbii hivyo. Ukimshika amekaa."

Mimi nilitazama nje. Nilisikia "singekuja" na nikaliweka pamoja na lile la mgongo. Yalilingana kabisa. Alinionea haya, akalazimika kupiga magoti matopeni kwa ajili yangu, na sasa anajuta kuja. Nilibeba maelezo hayo kwa miaka, kwa utulivu tu, kama watu wanavyobeba kovu la chanjo. Fimbo niliirudisha kwenye duka lile lile na nadhani iliwekwa tena kwenye miavuli.

Tulikuwa tumeshahamia Northfield wakati mdogo wangu alipokwenda kufanya mtihani wa udereva. Nilirudi kazini nikamkuta Mama sebuleni amegeuza kiti, ameupa mgongo dirisha la barabarani, anamenya viazi visivyohitajika na mtu. Nikamuuliza kama dirisha linaingiza baridi.

"Hapana. Yee bado iko njiani."

"Sasa?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu wanafumba macho wakilala. Akaniambia, huku akimenya, kwamba kwao mtu wako akiwa majini huyaangalii maji. Humuiti jina. Unageuka, unafanya kazi yako, unasikiliza mpaka mtumbwi uguse mchanga. Mama yake alifanya hivyo kwa baba yake, na bibi yake pia. Jicho la mtu anayekupenda ni zito, alisema, linaelemea. Unaangalia yule ambaye hata akikosa si kitu kwako.

"Hata kwenye mfereji?" niliuliza.

"Maji ni maji." Akatupa ganda. "Ile siku nilishikilia vizuri kabisa. Halafu ukaniita. Mutoto akiita, utafanya nini? Nikaangalia. Na samaki akaenda."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeeleza ajali ya zamani ambayo bima imeshalipa. Nilitaka kumwambia kwamba samaki alienda kwa sababu ndoana ilishika ngozi tu, kwamba hutokea, kwamba nimesoma sana kuhusu hilo. Nilikuwa hata na neno lake. Nikachukua kisu kingine nikakaa karibu naye, mgongo kwa dirisha, nikamenya viazi. Mdogo wangu alifaulu. Mama hakushangaa.

Siamini mambo haya. Naona vyema niseme wazi, maana ninyi wa rika langu mtauliza. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu operesheni ile, lenzi inavyotolewa na nyingine inavyowekwa, na nilijua kwamba karibu kila mtu hutoka salama. Jicho lake la kushoto ndilo lililokuwa linaona vizuri, na leo walikuwa wanagusa la kulia. Nilijua yote hayo. Hata hivyo, nikiwa na koti magotini, niligundua kwamba macho yangu yako kwenye mlango ule wa milango miwili alikopitishwa, yamekwama pale, na kwamba nayahisi uzito.

Nikainuka. Nikageuza kiti. Mbele yangu sasa palikuwa na ukuta na tangazo la kunawa mikono, na nikalisoma. Nesi mmoja aliyepita aliuliza kama niko sawa, nikamwambia nina shida ya shingo. Sikuwa na viazi, kwa hiyo nikalikunja koti, nikalikunjua, nikalikunja. Nyuma yangu magurudumu yalipita, viatu vilipita, milango ilifunguka ikafungwa. Sikugeuka. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Shingo nzima inataka.

Mwishowe nikasikia magurudumu yanakaribia na kusimama, na sauti nyuma ya kiti.

"Ulikuwa unaangalia mulango?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Bon. Geuka."

Nikageuka. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, jicho moja limefunikwa kwa kikombe cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta, nywele zimelala upande mmoja. Nilimvika koti begani. Aliukamata mkono wangu kabla sijauondoa, akanishikilia hapo, nikiwa nimeinama, na kunitazama kwa jicho lililobaki. Alinitazama kwa muda mrefu, usoni, mabegani, mpaka chini na kurudi juu, bila haraka yoyote, kama mtu ambaye sasa ameruhusiwa.

"Umekonda," alisema.